Kipa Kwanza: Utetezi wa Mtu wa Mwisho

Kushika nafasi ya kumi na mbili katika kundi la watu kumi na wawili ni jambo linaloweza kutetewa kwa hoja, na hoja zenyewe ndizo hizi. Daftari letu la fantasi ya mpira limejumlishwa, likakaguliwa, kisha ukurasa wake ukachanwa na kubandikwa ukutani pa kibanda umiza, kati ya ratiba ya mechi na tangazo la salfa ya mikorosho, ili mtu yeyote anayengoja basi la Masasi asome jina lililo chini kabisa hata kama mpira haumhusu. Tofauti kati ya wa kumi na moja na wa mwisho ni alama tisa. Kabla ya robo fainali za Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2025, kila mmoja aliandika majina matano, bila ruhusa ya kubadilisha hadi fainali. Majina yaliyoandikwa na mtu wa mwisho yalipendeza: Jean Charles Ahoua wa Simba kama nahodha, wawili wa Zamalek waliokuwa mabingwa watetezi, na wawili wa USM Alger waliotwaa kombe hilo mwaka 2023 mbele ya Yanga. Kwa ufundi, hapakuwa na watano bora kuliko hao katika daftari zima. Ninachodai ni kwamba ufundi si kipimo cha kwanza katika mtoano, na kwamba kumi na mmoja walioshinda hawakulijua hilo pia. Walibahatisha tu, na bahati yao sasa inaitwa akili.

Kwanza tuuelewe mchezo, maana wengi wanaucheza na wachache wanausoma. Fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, ambayo ndiyo mama wa madaftari yote, inakupa pauni milioni 100 za hewani ununue watu kumi na watano: makipa wawili, mabeki watano, viungo watano, washambuliaji watatu, na wasizidi watatu kutoka klabu moja. Mchezaji akikanyaga nyasi anapata alama moja. Akifikisha dakika sitini anapata mbili. Bao la mshambuliaji ni alama nne, la kiungo tano, la beki sita, kana kwamba mwenye kanuni alikaa akajiuliza ni nani anayeshangaza zaidi akifunga, akalipa mshangao badala ya bao. Pasi ya bao ni tatu. Timu isiporuhusu bao, kipa na beki wanapewa nne kila mmoja, kiungo anapewa moja ya kumtuliza, na mshambuliaji hapewi kitu. Kipa hupata alama moja kwa kila mashuti matatu aliyookoa, na tano kwa penalti aliyopangua. Lakini kila mabao mawili yanayopita humnyang'anya moja. Kadi ya njano inakata moja, nyekundu tatu. Nahodha wako anazidishiwa mara mbili, awe amefanya mema au maovu. Milango hufungwa dakika tisini kabla ya mechi ya kwanza, na baada ya hapo hata malaika hawezi kukuingizia mtu.

Uhondo wenyewe uko kwenye bei. Mchezaji akinunuliwa na wengi, bei yake hupanda usiku. Akiuzwa na wengi, hushuka. Ukimnunua mtu kwa milioni 7.5 na akapanda hadi 7.8, utadhani umevuna 0.3. Thubutu! Ukimuuza unapewa 7.6, kwa sababu mchezo unachukua nusu ya faida na kuikata kwa chini. Mkulima wa korosho wa Masasi au Newala haelezwi hili mara mbili. Yeye amekwisha kusimama mbele ya karani wa chama cha msingi akisikia bei ya mnada, kisha akaisoma bei iliyofika kwenye karatasi yake baada ya ushuru, usafiri, ghala na magunia, akajua kwamba kati ya bei inayotangazwa na bei inayolipwa kuna watu wanaokula. Msimu wa 2018 serikali ilisema kilo ni shilingi 3,300 na wanajeshi wakaja kusomba. Katika fantasi hakuna hata mwanajeshi wa kumlalamikia. Tena mchezo huu una madaraja yake kama korosho: kuna standadi gredi, ambao ni washambuliaji na viungo, na kuna andagredi, ambao ni makipa. Mohamed Salah alianza msimu wa 2024/25 kwa milioni 12.5, wakati kipa ghali kuliko wote hakufikisha hata milioni sita. Mtu akishazoea bei hizo, akilini mwake kipa anabaki andagredi hata pale anapochagua kwenye daftari lisilo na bei. Hilo ndilo kosa, na halikufanywa na mtu mmoja.

Bei hizo hazina kosa katika ligi. Ligi ina mechi 38 kwa kila timu, iwe bingwa au inayoshuka, na palipo na idadi sawa ya mechi ndipo ufundi huonekana. Salah alimaliza msimu huo na alama 344, ambazo hakuna mchezaji aliyewahi kuzifikia, kwa sababu alicheza mechi zote na akafunga mabao 29. Lakini mtoano ni shamba la namna nyingine. Kule juu Newala, ambako maji ni ya shida tangu enzi za mababu, watu hujenga visima vya kukingia mvua kutoka paani, na mama mwenye nyumba haulizi kisima cha nani kina maji matamu zaidi. Anauliza kipi kitafika Novemba. Mchezaji wa timu iliyotolewa ni kisima kilichokauka. Ladha ya maji yake ya mwezi uliopita haikuoshei hata sufuria. Kuanzia robo fainali za Afrika, timu inayotoka mapema inacheza mechi mbili na inayofika fainali inacheza sita. Hodari wa alama sita kwa mechi akitolewa robo fainali anaondoka na kumi na mbili. Mtu wa kawaida wa alama tatu kwa mechi akifika fainali ana kumi na nane. Hesabu hii inafanyika kwa vidole, na bado watu hatuifanyi.

Wenzetu wa hoki ya barafuni huko Marekani na Kanada wameifanya zamani. Naomba msomaji wa Ndanda, ambaye barafu anayoijua ni ile ya ukwaju kwenye kifuko cha nailoni, anivumilie aya moja. Kombe lao linaitwa Stanley, na timu 16 huingia mtoano. Kila mkondo ni mfululizo wa mechi hadi saba, na wa kwanza kushinda nne anasonga. Kuna mikondo minne, kwa hiyo timu iliyofagiwa mapema inacheza mechi nne na timu inayofika mwisho inaweza kucheza hata 28. Sisi tofauti yetu ni mara tatu. Yao ni mara saba. Ofisini na majumbani huko watu huchagua wachezaji kabla ya mtoano, bao alama moja na pasi ya bao alama moja, na mwerevu wao huanza kwa kuchora njia ya timu hadi fainali kabla hajataja jina la mtu. Mwaka 2025 ushahidi ulikuja safi. Nathan MacKinnon wa Colorado alipata alama 11 katika mechi saba, timu yake ikatoka mkondo wa kwanza. Connor McDavid wa Edmonton alipata 33 katika mechi 22. Ukigawanya, MacKinnon ndiye aliyekuwa mkali zaidi kwa mechi. Ukijumlisha, aliyemchagua MacKinnon yuko chini ya karatasi iliyobandikwa ukutani mahali fulani kwenye theluji, na kutoka huku kusini ninampelekea salamu.

Sasa turudi kwenye usiku unaobeba kesi yote, Aprili 9, 2025, Uwanja wa Benjamin Mkapa. Simba walikuwa wametoka Misri wakiwa wamefungwa 2-0 na Al Masry. Walihitaji mabao mawili ili wafufuke, na wakayapata yote kipindi cha kwanza, kwa Elie Mpanzu na Steven Mukwala. Kipindi cha pili hakikuleta bao, na katika mashindano haya ya klabu hakuna dakika za nyongeza hatua hiyo. Filimbi ikilia mkiwa sawa, mnakwenda moja kwa moja kwenye nukta. Tazama basi jinsi fantasi inavyoona usiku huo. Hadi dakika ya tisini kila kitu kina thamani: Mpanzu ana alama zake, Mukwala ana zake, mabeki wanne na kipa wamelipwa kwa kutoruhusu bao, hata Ahoua ana ile moja ya kumtuliza kiungo. Kisha filimbi inalia, na kwa mujibu wa kanuni mpira umekwisha. Kinachofuata, yaani kipa wa Simba, Moussa Camara, kusimama mstarini mbele ya watu waliopigana vikumbo tangu mchana kuingia uwanjani, Camara kuruka, Camara kuokoa, Wamisri kupata mkwaju mmoja tu na Simba kushinda 4-1, hakipo. Hakikutokea. Mikwaju ya kuamua mshindi haihesabiwi na daftari, wala na mama wa madaftari kule Uingereza, ambako ligi haina jambo hilo kabisa. Kipa akiokoa penalti dakika ya ishirini, timu yake ikiongoza mabao manne na penalti yenyewe haina maana yoyote, anapewa alama tano. Kipa akiokoa penalti iliyobeba nusu ya nchi na kuipeleka timu nusu fainali, anapewa sifuri. Ukimweleza hivyo mzee yeyote anayecheza bao chini ya mwembe, mchezo wa kete 64 na kanuni asizozisoma popote lakini zenye haki, atakuuliza kama aliyetunga hizo za kwenu alikuwa mzima.

Na hapo ndipo hesabu inapogeuka uchawi. Kwa sifuri ile, Camara aliwapa wenzake mechi nne zaidi. Mbili dhidi ya Stellenbosch, 1-0 Amaan na suluhu Durban. Mbili za fainali dhidi ya RS Berkane, 2-0 kule Morocco na 1-1 Zanzibar. Jumla Simba walicheza mechi sita za mtoano, wakafunga mabao manne tu, na hawakuruhusu bao katika tatu. Tumia kanuni za fantasi. Kipa anayesimama golini mechi zote sita ana alama 12 za dakika na 12 za kutoruhusu bao, toa mbili za mabao ya Misri na Berkane: 22. Ahoua, mfungaji bora wa Ligi Kuu ya hapa nyumbani msimu huo kwa mabao 16, alifunga moja katika mechi hizo, ule mpira wa adhabu dhidi ya Stellenbosch. Hata tukimpa dakika sitini na zaidi kila mechi, ana 12, na tano za bao, na tatu za kiungo: 20. Ukiacha pasi za bao upande mmoja na mashuti yaliyookolewa upande wa pili, andagredi amemshinda standadi gredi. Wale wa Zamalek? Mechi mbili, timu nzima bila bao hata moja, kwaheri.

Kuna watakaosema: na Fiston Mayele je? Mwaka 2023 aliifungia Yanga mabao saba, akawa mfungaji bora wa kombe hilohilo, na aliyemchagua alitamba. Kweli, lakini Mayele alifunga mpaka kwenye mechi ya kwanza ya fainali kwa sababu Yanga walikuwa na fainali. Mshambuliaji mkali ni mali ikiwa timu yake inadumu, na anayeidumisha timu kwenye mtoano mara nyingi amevaa glovu. Mwaka uliofuata, katika mashindano mengine ya Afrika, Yanga walikwenda Pretoria, suluhu nyumbani na suluhu ugenini dhidi ya Mamelodi Sundowns, ule mpira wa kiungo wao Aziz Ki uliogonga mwamba na kudondoka mahali ambapo Tanzania nzima inaapa ni ndani ya goli, na wakatolewa kwa penalti.

Pingamizi zito zaidi ni la moyo. Wanasema kumwandika mtu wa Berkane kwenye daftari huku Simba wakicheza fainali ni usaliti, na kwamba fantasi inayokutaka ushangilie mpinzani haifai kuitwa burudani. Ninaliheshimu pingamizi hili kuliko yote, lakini linachanganya kazi mbili. Shabiki ana koo na mwenye daftari ana kalamu, na mtu mmoja anaweza kumiliki vyote viwili. Mkulima hulia korosho zikinyeshewa mauani, na bado anajua ghala la nani halivuji. Tena daftari si mkeka wa kubeti. Mkeka unachanika kwa mechi moja na unakula fedha ya salfa; daftari halina shilingi ndani yake, lina aibu tu, na aibu ni mali ya kijiji kizima.

Lakini ipo hoja ambayo sina majibu nayo, nayo inanikera kweli. Mchezo huu unalipa kila kitu isipokuwa kinachotuua sisi. Ndanda FC, timu yenye jina la hapa iliyochezea Uwanja wa Nangwanda Sijaona kule Mtwara mjini, ilikaa Ligi Kuu misimu sita, kuanzia 2014/15 hadi ilipoporomoka mwaka 2020 bila hata kupewa mechi ya mchujo. Katika misimu hiyo ilikuwa ikienda Bukoba kucheza na Kagera Sugar, kutoka ukingo wa Bahari ya Hindi hadi ukingo wa Ziwa Victoria, safari ya zaidi ya kilomita 1,500, kisha irudi. Klabu za London zinavuka mtaa na kufika kwa wapinzani wao. Hakuna alama ya basi. Hakuna alama ya mchezaji aliyelala kiti kimoja na jezi zilizoloana, akashuka Uwanja wa Kaitaba huko Bukoba, akakaba dakika tisini. Kanuni inamwona amefungwa mawili, inamkata moja. Watu wanaosema Ndanda ilishuka kwa sababu ilikuwa dhaifu wanasoma jedwali kama ninavyosoma bei ya mnada: wanaiona namba ya mwisho, makato hawayaoni. Iliposhuka, Namungo ya Ruangwa ikaachiwa kuubeba Ukanda wa Kusini peke yake, na vijana wa Masasi wakaanza kujadili bei ya mabeki wa Brentford.

Yote haya yalikuwa na matumizi mwaka huo wa 2025, kwa kuwa Agosti 2 ilikuwa inakaribia na daftari jipya lilikuwa limekwisha kuchorwa mistari. CHAN iliyopaswa kuchezwa Februari ilikuwa inakuja Tanzania, Kenya na Uganda, ikiitwa ya 2024 ingawa tulikuwa 2025. CAF husoma kalenda kama mzee aliyesahau miwani. Ni mashindano ya wachezaji wa ligi za nyumbani kwao, kwa hiyo ilibidi ufute majina yote ya wageni uliyoyakariri: Ahoua hakuwemo, Camara hakuwemo, na Mukwala hakuweza kuichezea Uganda kwa kuwa alikuwa anakula mshahara Dar es Salaam. Kazi ya kwanza ilikuwa kuhesabu mechi. Timu zilikuwa 19, hivyo makundi matatu yalikuwa na timu tano na moja lilikuwa na nne. Kundi B la Taifa Stars, pamoja na Burkina Faso, Mauritania, Madagascar na Jamhuri ya Afrika ya Kati, lilimpa kila mtu mechi nne, hata wa mwisho. Kundi A la Kenya, Morocco, Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia vivyo hivyo, na kundi C la Uganda pia. Kundi D la Zanzibar, lenye Senegal, Kongo Brazzaville, Sudan na Nigeria, lilikuwa na mechi tatu tu. Mchezaji wa D alianza akiwa nyuma kwa mechi nzima, na kama angefika hadi mwisho angecheza sita wakati mwenzake wa B angecheza saba. Senegal ndio waliokuwa mabingwa watetezi na majina yao yalivutia. Niliwahi kuvutiwa na mabingwa watetezi na karatasi iko ukutani. Clement Mzize, aliyekuwa na mabao 14 ya ligi, alikuwa chaguo zuri kwa zile mechi nne za uhakika. Baada ya hapo robo fainali ilikuwa mechi moja, bila marudiano, na Stars hawakuvuka makundi mwaka 2009 wala katika awamu iliyochezwa Cameroon. Morocco walikuwa wamekwisha kushinda mara mbili. Msifiche macho.

Na jina la kwanza kuandikwa lilipaswa kuwa la kipa, wa timu yoyote ya kundi lenye timu tano mliyoamini ingefika nusu fainali. Fainali ya CHAN iliyotangulia, Algiers, Februari 2023, ilikwenda dakika 120 bila bao na Senegal wakachukua kombe kwa penalti 5-4.

Lililobaki ni ombi kwa mwenye daftari, nalo ni moja. Iandikwe kanuni kwamba mkwaju uliookolewa baada ya filimbi ya mwisho ni alama tano kama ulivyo wa dakika ya ishirini, na irudishwe nyuma hadi Aprili 9, 2025. Asinidhanie mtu vibaya. Aliyekuwa na Camara katika daftari ni yule wa kumi na moja.